Kioo cha Dereva

Fundi alikuwa ameolewa na kisogo. Hivyo ndivyo alivyozoea kuwachekesha wateja wake dukani, pini zikiwa mdomoni na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mumewe alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, na kila waliposafiri pamoja, iwe msibani, harusini au kupeleka watoto shule, mume alikaa kwenye usukani na mke alikaa kiti cha nyuma yake. Kisogo kile alikijua unywele kwa unywele. Alizishuhudia nywele zenyewe zikiingia mvi, kisha zikianza kuaga moja moja.

Hata kukutana walikutana hivyo hivyo. Fundi alikuwa binti anayejifunza kushona. Alipanda basi, akainua macho, akakuta macho ya mtu yanamtazama kutoka kwenye kioo kile cha juu, cha ndani. Yalikuwa macho tu, bila pua wala mdomo, lakini yalikuwa na adabu na yalikuwa yanacheka. Akachumbiwa na macho kwa muda mrefu. Siku mwenye macho aliposhuka kwenye usukani na kusimama mbele yake, Fundi alishangaa kumbe mtu mwenyewe ni mfupi.

"Ipo siku," dereva yule alimwambia zama hizo za uchumba, "ataendesha mtu mwingine. Mimi nitakaa ubavuni kwako, tutazame nje wote wawili mpaka shingo zituume."

Fundi akaitia ahadi hiyo moyoni, akaenda kuolewa nayo. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaanza kazi zao. Abiria wakampa mumewe jina la Polepole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfanya akimbize basi, si kwa matusi wala kwa machozi. Mwisho Polepole akastaafu, na watoto wakachanga, wakawakatia wazazi wao safari ya ng'ambo: ndege, hoteli, na ziara ya siku tatu kwa basi katikati ya milima ya theluji. Binti yao mkubwa alipowakabidhi tiketi, swali la kwanza la Polepole lilikuwa basi lenyewe ni la aina gani. Fundi aliingia chumbani, akafunga mlango, akarukaruka na lile goti lake bovu mpaka kitanda kikalia.

Akashona makoti mawili mazito kutoka jora moja la kijivu, bitana yake rangi ya chungwa. Alitaka wakipiga picha mbele ya theluji mtu yeyote ajue hawa ni wawili waliokuja pamoja. Kwenye ndege Polepole aling'ang'ania mikono ya kiti tangu kuruka mpaka kutua, akilalamika kwamba rubani haonekani, na mtu utamwaminije usiyemwona. Fundi akacheka hadi mhudumu akamletea maji.

Basi la ziara lilikuwa refu, jeupe, limejaa vioo kila upande. Fundi alichagua viti viwili vya katikati, akakaa cha dirishani, akakipigapiga kile cha pili kwa kiganja.

"Nakuja, mama watoto," Polepole akasema. "Ngoja kwanza nikamsalimie mwenzangu."

Akaenda kusalimia, na huko huko akabaki. Pembeni ya dereva kulikuwa na kiti kidogo cha kukunjwa, cha kiongozi wa msafara, dada mmoja mchangamfu aliyetembea na mwavuli wa njano na ambaye, kwa kupenda kwake kuongea, hakukaa chini hata dakika moja. Polepole akakikalia. Dereva alikuwa pande la mtu mwenye masharubu mekundu. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini walielewana tangu kona ya kwanza: huyu anaonyesha gia kwa mkono, yule anaonyesha mteremko, huyu anapuliza pumzi mithili ya breki za upepo, wote wawili wanacheka.

Kilichofuata ungeweza kukitabiri ukiwa umefumba macho. Kabla ya kupewa usukani Polepole alikuwa utingo, na utingo ni kazi isiyomtoka mtu. Walipofika kituo cha kwanza alilizunguka basi zima, akagusa tairi, akawahesabu abiria kwa kidevu wakati wanapanda. Kisha akalipiga basi ubavuni makofi mawili, pa! pa!, maana yake wote wamo, twende, naye akadandia mlango wa mbele likiwa linaanza kusogea. Dereva alifurahi kupita kiasi. Siku ya pili ilipofika hakuondoa gari mpaka asikie makofi yale, na dada wa mwavuli alikuwa ameacha kabisa kuhesabu watu wake.

Nani angemnunia? Basi zima lilimpenda. Wageni ambao hata jina lake hawakuweza kulitamka walimpigia makofi akipanda. Na kutoka kule mbele alikuwa anamtafuta mkewe kwenye kioo cha dereva, akimwona anapandisha nyusi zote mbili, vile vile kama zamani. Siku ya kwanza moyo wa Fundi uliyeyuka. Alijiona ana miaka ishirini tena, na cherehani ya kuazima.

Siku ya pili alianza kuchoka. Nje kulikuwa na mambo ambayo hakuyajua hata kwa ndoto. Maji yaliporomoka kutoka juu kabisa ya jabali, yakageuka moshi kabla ya kugusa chini. Ziwa lilikuwa na rangi ambayo yeye, mtu wa vitambaa, hakuwahi kuiona dukani. Kila mara aligeuka, akasema, "Ona!", na kila mara alikuwa anakiambia kiti. Baadaye mama mmoja mwenye kofia ya kijani, kwa heshima zote, alimuuliza kwa ishara kama anaweza kuweka mkoba wake hapo, maana hapana mtu. Fundi akakubali kwa tabasamu, halafu akatazama dirishani muda mrefu bila kuona kitu. Iliuma, tusidanganyane.

Jioni, hotelini, wakati mumewe anavua viatu, akamwambia, "Kesho ndiyo siku ya mwisho, baba watoto. Wanasema ndiko kwenye milima yenyewe."

"Ndiyo, na kona zake si mchezo," Polepole akajibu. "Yule bwana atanihitaji."

"Na mimi?"

"Wewe nakuona, mke wangu. Nakuona muda wote."

Akavuta shuka, akaanza kukoroma. Fundi akabaki anatazama dari.

Asubuhi Polepole alitangulia kupanda, akakaa kwenye kiti chake cha kukunjwa. Basi likapanda, likapanda, miti ikabaki chini, theluji ikasogea mpaka kando ya barabara. Kwenye kilele wakasimama. Watu wakashuka, wakapiga picha, wakapigwa na baridi, wakarudi ndani mbio wakipuliza vidole. Fundi alikaa kwenye kiti chake, mkoba wa mama wa kofia uko pembeni yake. Akapiga hesabu rahisi: kutoka hapa ni kuteremka tu, na chini ni hoteli, na kesho ni ndege. Wakiteremka hivi, ile ahadi imekufa, na yeye atarudi nyumbani akiwa amesafiri mpaka ng'ambo na kisogo kile kile. Hasira zikampanda, na ndani ya hasira kulikuwa na machozi. Akainuka, akashuka kwa mlango wa katikati kwenda kumchukua mume wake.

Polepole alikuwa mlango wa mbele, amekwisha kuwahesabu wote, mkewe akiwa mmoja wao. Akalipiga basi makofi mawili, pa! pa!, akashika chuma cha mlango.

"Wewe baba!" Fundi akaita kutoka nyuma yake.

Polepole aliachia chuma, akageuka. Milango ikafunga, wa mbele na wa katikati, *fyuu*. Basi likaondoka.

"Unafanya nini huku chini?" akauliza, macho yamemtoka.

"Nimekuja kukuambia kitu."

"Nimeshakuhesabu! Simama! Wewe! Simama!" Polepole akatoka mbio, miguu yake mifupi ikiteleza kwenye theluji, koti linapepea na bitana yake ya chungwa iko nje. Kwenye basi lake la zamani mtu angemwona, mlango ulikuwa wazi siku zote. Hili lilikata kona ya kwanza kwa utaratibu mzuri kabisa, likapotea.

Alirudi anahema. Miaka yote ile barabarani hakuwahi kumwacha abiria, hata yule mlevi aliyekuwa anashuka kila kituo. Leo amejiacha mwenyewe, na mke wake pia. Alishika kichwa. Fundi alimtazama, akajitahidi kubaki na hasira yake, akashindwa. Kicheko kikamtoka kwa nguvu mpaka akalazimika kuketi kwenye benchi la mawe lililokuwa ukingoni.

"Atagundua saa ngapi?" akauliza alipopata pumzi.

"Akinitazama tu atagundua. Lakini barabara ni nyembamba, hawezi kugeuza. Itabidi ateremke mpaka bondeni." Polepole akasogea ukingoni. Chini kabisa basi lilikuwa dogo, jeupe, linapinda huku na huku. "Anashuka vizuri. Gia ya chini, hakanyagi breki ovyo. Hapo sasa kuna kona mbaya..."

"Nikikusikia unataja breki tena nakusukuma."

Basi likaingia kwenye tundu la mlima, halikuonekana tena. Polepole akatafuta kingine cha kuangalia barabarani. Hakikuwepo. Ndipo alipoinua kichwa.

Milima ilisimama safu nyuma ya safu, myeupe, mpaka mahali ambapo huwezi kujua lipi ni wingu na upi ni mlima. Akakaa chini taratibu, ubavuni kwa mkewe, mikono imelala mapajani.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyokuwa tangu juzi."

"Hivi nyumbani, kwenye barabara yangu, kuna kitu kizuri hivi?"

"Ukivuka daraja la pili, mkono wa kushoto, kuna kilima kina maporomoko. Wakati wa masika yanaonekana vizuri sana."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Polepole akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa naona lami. Lami na wewe, kwenye kioo."

"Hicho ndicho nilichoshuka kukuambia." Sauti ya Fundi ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nimechoka kutazamwa kwa kioo. Uliniahidi kukaa na mimi. Kiti chako nimekishika siku tatu, sasa kimekaliwa na mkoba."

Upepo ukawapiga. Polepole alipoongea aliongea na theluji.

"Naogopa," akasema. "Gari likiendeshwa na mtu mwingine, na wewe umo ndani, naogopa. Nikiwa kule mbele naona kama nalishika kidogo. Na tangu nistaafu, mama watoto, hii mikono sijui niiweke wapi."

Katika maisha yao yote Fundi hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kwenye mdomo huo. Hasira yote ikamwisha. Akaichukua ile mikono, ilikuwa baridi, akaitia yote miwili kwenye mfuko wa koti lake, mfuko mpana alioushona bila kujua ni wa nini.

"Weka hapa," akasema.

Wakakaa hivyo. Polepole akaanza kuuliza maswali, kile nini, yale maji yanakwenda wapi, na Fundi akamjibu kwa uhakika mkubwa mambo ambayo hakuyajua hata kidogo. Wakacheka mpaka pua zikawatoka kamasi.

Basi liliporudi lilikuwa linapiga honi tangu kona ya mbali. Dereva alishuka mikono iko kichwani, mwekundu kuliko masharubu yake, na dada wa mwavuli nyuma yake anakaribia kulia. Polepole akachomoa mkono mmoja mfukoni, akajigonga kifua kwa kidole, maana yake kosa ni langu, akaurudisha. Dereva akawatazama wawili wale, makoti yao ya jora moja, mikono yao kwenye mfuko mmoja. Akaangua kicheko, akaligonga basi lake ubavuni, pa! pa!, akawafungulia mlango.

Polepole alikipita kiti cha kukunjwa bila kukitazama. Mama wa kofia ya kijani alikuwa amekwisha kuuondoa mkoba.

"Kaa dirishani," Fundi akamwambia. "Mimi nimeshaona."

Basi likaanza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza mguu wa kulia wa Polepole uliikanyaga sakafu kwa nguvu zote. Fundi akauweka wake juu ya huo, akauacha pale. Kona ya pili mguu ulikanyaga kidogo. Kona ya tatu ulitulia.

Kutoka kiti chake kipya Fundi alitazamana moja kwa moja na kile kioo cha juu. Kwa mazoea akainua macho, kutafuta jozi ya macho anayoyajua. Hayakuwemo. Waliokuwemo ni wazee wawili wamebanana bega kwa bega, mwanamke anatazama mbele, na mwanamume ambaye yeye, kwenye kioo, alimwonea kisogo tu.

Maana Polepole alikuwa amebandika uso dirishani, na mkono wake unamvuta mkewe kwa nguvu.

"Ona!" alikuwa anasema. "Mama watoto, ona kule! Ona!"

Fundi akaegemea bega lake, akatazama nje.