Mshale Uliolala Upande wa Baridi

Nilitaka geji iwe mbovu. Niseme hivyo mapema, maana dereva alikuwa mwanangu Crispus.

Pikapu haikuwa yetu. Ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa Mwanda, ishirini na watatu, waliouza kabichi miaka sita ndipo wakaipata. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu nina diploma ya ualimu na nafundisha sayansi. Crispus alipewa usukani kwa sababu alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili baada ya kidato cha nne, bila kazi. Sikumwombea, lakini pia sikukataa.

Jumanne moja mwaka wa 1984, katikati ya ule ukame, alipeleka kabichi Marungu. Akirudi, kilomita chache kabla ya Voi, injini ikakwama. Pikapu ikavutwa kwa kamba mpaka gereji ya Maundu.

"Geji ya joto imenidanganya, Mama," aliniambia jioni. "Mshale ulikuwa kwenye baridi mpaka injini inakufa. Ningejuaje?"

Kama ni kweli, hakuwa na kosa. Mwenyekiti wetu, Tryphena, angeteremka Voi kesho yake saa nne kuamua kama abaki kazini au aondoke. Saa mbili mimi nilikuwa tayari gereji pamoja na Crispus, nimefunga leso kiunoni.

"Mwalimu, huniamini?" Maundu akauliza. "Nimejaribu kuizungusha injini kwa spana mpaka mkono ukauma. Imeganda kama ugali wa jana."

"Kuhusu injini nakuamini. Nataka kujua habari ya geji."

Nilianza na geji ya petroli. Geji zote mbili kwenye dashibodi ile hulishwa umeme kutoka mahali pamoja. Pakiharibika, zote hudanganya. Ya petroli ilionyesha robo. Nikatumbukiza kijiti ndani ya tangi: robo. Umeme ulikuwa sawa.

Nikachomoa waya wa geji ya joto pale unapoishia kwenye injini, nikamwambia Crispus afungue swichi, nikaugusisha kwenye chuma.

"Mshale?"

"Umepanda."

"Mpaka wapi? Sema kwa sauti."

"Mpaka kwenye nyekundu."

Geji nzima, waya mzima. Kikabaki kile kidude cha shaba kilichofungwa ubavuni mwa injini, kinachogusa maji na kupeleka habari ya joto. Hakizidi kidole gumba, na matumaini yangu yote yalikuwa yamebaki hapo. Maundu alipokifungua, tundu lilikuwa kavu. Nikamwomba sufuria yake ya chai.

"Leo mwalimu anapika spea," akacheka. "Chumvi iko pale, lakini nyanya sina."

"Chochea moto, wacha maneno."

Nikakiunganisha kwa waya mmoja kwenye geji, na mwingine kwenye chuma cha gari, nikakitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Mshale ukapanda polepole, bila kusita. Nikakitoa. Ukashuka mpaka baridi, ukalala.

Hakuna aliyecheka tena. Kidude kile hupima maji. Maji yakiisha kwenye injini hakina cha kupima, na mshale hulala huku chuma kinaungua.

"Kabla ya kushuka, mshale ulipanda," nikamwambia Crispus. Sikuwa nauliza.

Akatazama viatu vyake. "Ulipanda."

"Mpaka nyekundu?"

"Karibu. Mpira wa maji wa rejeta ulikuwa umepasuka. Niliufunga kwa kitambaa, lakini sikuwa na maji ya kuongeza. Nikaendelea tu. Halafu mshale ukashuka, nikasema imepoa, Mungu amenisaidia. Nikakanyaga nifike Voi."

"Na mtungi wa akiba? Niliujaza mwenyewe."

"Niliutoa. Kule Marungu kuna mama alisimama barabarani na watoto wawili na debe tupu. Kwetu maji hayanyimwi, Mama. Ulinifunza wewe."

"Nilikufunza utoe. Sikukufunza uendeshe gari kavu. Ungesimama pale pale."

"Mpaka lini? Marungu nzima haikuwa na maji."

Nikaitoa sufuria motoni.

Maundu alijifuta mikono, akanisogelea. "Mwalimu, Mama Tryphena hatofautishi waya na kamba ya viatu. Sema geji ni mbovu. Mimi nitaitikia, kijana atabaki."

"Abaki dereva wa gari gani?"

"Basi jina lake angalau libaki safi."

Hilo lilinigusa. Nililifikiria mpaka nikamwona Tryphena anaingia langoni, vumbi la safari mabegani.

"Mama Crispus, ni geji?"

"Geji ni nzima," nikasema. Nikamweleza yote, pamoja na yule mama wa Marungu.

Tryphena akaketi juu ya gurudumu. "Maji hata mimi ningempa," akasema. Crispus akainua kichwa. "Lakini mshale ungepanda, nisingeendesha. Lete ufunguo."

Crispus akaupeleka. Tryphena akautia kwenye mkoba bila kuutazama. "Magunia kumi na nane ya kabichi yameshavunwa. Yako kando ya barabara, yanaingoja pikapu."

Tulimuuliza Maundu kama kuna gari la kukodi. Akatikisa kichwa. Kila lenye magurudumu lilikuwa linabeba mahindi ya msaada.

"Nani atawaambia wenzetu?" Tryphena akauliza.

"Crispus."

"Mama, tafadhali."

"Wewe. Uwaambie kabichi wawape ng'ombe leo, kabla hazijaoza. Halafu uwaambie injini imekufa, na ilivyokufa."

Tulipata lifti ya lori la mahindi lililokuwa likipanda mlimani kwetu. Crispus hakukaa kando yangu.