Tangi Lililokosa Pumzi

Mgeni hakupiga hodi. Swabaha alikuwa amelala chali chini ya gari, kwenye kiwanja nyuma ya nyumba yao ya Mji wa Kale, alipoona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vikisimama karibu na kichwa chake.

"Salaam aleikum. Namtafuta binti wa Fundi Taib."

"Waleikum salaam. Umempata. Lakini sigara hiyo kaizimie nje, tafadhali. Hapa pana petroli."

Viatu vilirudi nyuma upesi. Swabaha alipotoka chini ya gari, masizi yamemjaa usoni, alimkuta mzee nadhifu aliyejitaja kuwa Muhdhar, mjomba wa Jaffar. Jaffar ndiye aliyemposa Swabaha. Huyu mjomba Swabaha hakuwa amewahi kumwona.

"Mvumilie, bwana," alisema Fundi Taib kutoka kwenye kiti chake mlangoni. Miguu ilikuwa imemkataa tangu mwaka jana. "Akishika spana hata mimi hanijui."

Swabaha alikuwa akikimbizana na maji ya bahari. Yangejaa baada ya alasiri, na hapo ndipo mashua ya mwisho aliyoiunda babake ingesukumwa baharini kule Liwatoni. Alimwahidi: nitakupeleka mimi mwenyewe, kwa gari lako. Gari nalo lilikuwa likiwaka, likinguruma dakika tano, likizimika. Likipumzika, lawaka tena. Kabureta alikwisha kuiosha. Paipu zote alikwisha kuzipuliza.

"Ami, nivutie starta hapo ndani."

Muhdhar, aliyekuja na maneno mazito, alijikuta akivuta starta. Petroli iliruka kwa nguvu kutoka kwenye paipu aliyoichomoa Swabaha, ikaingia kwenye chupa aliyoikinga, ikapungua, ikakatika.

"Pampu ni nzima," alisema Swabaha. "Kizuizi kiko nyuma."

Akaenda kuufungua mfuniko wa tangi. Ulikuwa mgumu. Ulipolegea, tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyebanwa pua kisha akaachiwa. Akaugeuza mfuniko. Kitu cheupe kilikuwa kimegandia katikati. Alikinusa: chokaa na mafuta, deheni ile ile inayopakwa mashua.

"Baba, nini hii?"

Fundi Taib alitazama juu. "Masika ilipoanza ulinipa mfuniko nikushikie, nikaona kijitundu. Maji yangeingia."

"Ukaziba."

"Tundu ni tundu. Miaka arobaini naziba."

Swabaha alicheka mpaka akaegemea gari. "Mashua ikiwa na tundu yazama, Baba. Tangi lisipokuwa na tundu halipumui. Petroli yatoka, hewa haiingii, pampu yavuta weee mpaka yashindwa."

Alichukua sindano ya kushonea kofia, akakichokoa kijitundu hadi akaona mwanga upande wa pili. Akarudisha mfuniko na paipu, akavuta starta, gari likawaka. Dakika tano zikapita, kumi zikapita, linanguruma tu.

Hapo Muhdhar akasema alichotumwa. "Mwanangu, dadangu, mamake Jaffar, amesikia kuwa waendesha gari. Asema ukionekana leo nyuma ya usukani, posa imevunjika."

"Na Jaffar mwenyewe asemaje?"

Muhdhar alitazama viatu vyake. "Jaffar ni mwana wa mamake. Lakini usitaabike, nitawaletea teksi sasa hivi."

Swabaha aliigeuza kidoleni pete ya posa. Alimpenda Jaffar, kicheko chake na barua zake alizozifunga kwa utepe.

"Panda teksi, mwanangu," alisema babake kwa upole. "Nakusamehe ahadi hiyo. Sitavunjika moyo."

"Uliniacha nikushikie spana miaka minane, majirani wakikucheka, na hukuona haya. Leo mimi nikuonee haya?" Akamgeukia mgeni. "Ami, bendera yetu ya uhuru ina mwaka wa tatu sasa, na sisi tungali tunaulizwa nani aketi wapi. Nikijificha leo kwa usukani, kesho nitajificha kwa lipi?"

Alivua pete, akaifuta petroli kwa upindo wa leso, akaitia mkononi mwa Muhdhar.

"Mwambie Jaffar sikumchukia. Na sasa nisaidie kumwinua mzee."

Muhdhar alisita, kisha akaitia pete mfukoni, akamshika Fundi Taib kwapani.

Walipita barabara ya Ndia Kuu nzima, madirisha yote wazi, ya gari na ya nyumba. Machozi yalimtiririka Swabaha na hakuyafuta. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kule Liwatoni wanaume walikuwa wamekwisha kupanga mabega kwenye mashua. Alilisogeza gari hadi ubavuni mwa mashua, babake akatoa mkono dirishani, akaweka kiganja kwenye mbao.

"Sukumeni," akasema.