Fuwele za Buluu

Asubuhi, akitafuta kikombe cha chai, fundi saa alikuta fuwele za buluu zimeota kwenye mshikio wa kikombe cha mkewe. Alikuwa amemzika mwezi uliopita, na kikombe kilikuwa bado kinaning'inia mahali pake. Ule ufa wake wa siku zote haukuwepo tena. Alikisuuza, akakirudisha, akaenda kazini bila raha, maana vitu vinavyojitengeneza vyenyewe ni hasara kwa fundi yeyote.

Wiki ilipoisha, fuwele zilikuwa zimeota kila mahali marehemu alipozoea kushika: kitasa cha mlango, redio, kiti cha dirishani. Kioo cha bafuni kilichopasuka kiliungana. Bomba lililovuja tangu wahamie likafunga mdomo. Jirani alikuja kuangalia, akasema wengine wana bahati, akaomba aazimwe redio ikalale jikoni kwake, maana sinki lake nalo linavuja.

Fundi saa alizijua fuwele hizo. Mkewe alikuwa mkemia, na dawa hiyo ya kuziba nyufa aliipika maabara ujana wake wote. Mchanganyiko ulikuwa mkaidi. Ungekaa kwenye chupa umenyamaza, mpaka mkemia akwaruze ndani ya chupa kwa kijiti cha kioo, polepole, ndipo fuwele ziamke. Mazoea hayo aliyaleta nyumbani. Alikuwa akikwaruza glasi ya chai kwa kijiko, mawazo yakiwa mbali, na mumewe akimtania, "Mama, hiyo haigandi."

Jumamosi alikuja mkuu wa maabara, ambaye kila mtu humwita Profesa, na brashi na vichupa. Alieleza kwamba tangu msiba hakuna mchanganyiko uliokubali kuganda. Walikwaruza chupa hadi zikapasuka. Walihitaji mbegu, yaani punje za fuwele za zamani za kuanzishia mpya, na mbegu zilizobaki zilikuwa humu ndani. Fundi saa alimkaribisha, akamshikia kichupa.

"Jina lake lisiondolewe tu, Profesa," alisema. "Liwepo kama kwenye zile kazi za mwanzo mlizochapisha."

Profesa aliendelea kukwangua redio.

"Hata zile za mwanzo alikuwa kwenye shukrani tu, shemeji. Hakukwambia?"

Hakumwambia. Kila kazi ilipotoka alikuja na keki, wakala, na mumewe akampongeza kwa moyo wote.

Profesa aliuliza kama chumbani nako kuna chochote. Kulikuwa na mto wa mkemia. Upande uliotazama ukuta ulikuwa umefunikwa na fuwele kubwa kuliko zote, zimeshikana tabaka juu ya tabaka. Profesa aliweka punje moja ulimini, jambo ambalo mkemia hatakiwi kulifanya.

"Kuna chumvi humu," alisema kwa furaha. "Ndiyo maana zimenenepa hivi."

Fundi saa aliketi kitandani. Yeye hulala fofofo, na mkewe alikuwa akimcheka kwamba wezi wangeweza kumbeba na kitanda chake asijue. Miaka yote hiyo alikuwa amelala hapo hapo, umbali usiozidi urefu wa mkono. Aliona aibu, na aibu hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Profesa aliuomba mto wote. Akaondoka nao.

Michanganyiko ikaganda vizuri sana. Kazi ilipotoka, jina la Profesa lilikuwa juu kabisa. La mkemia lilikuwa mwishoni, kwenye shukrani, baada ya kampuni iliyotoa friji. Profesa alimletea shemeji yake nakala, na keki.

Siku hizi nyumba ile haina ufa hata mmoja. Fundi saa hulala upande wa mkewe, amegeukia ukuta, na usingizi haumchukui tena kama zamani. Kila asubuhi huupapasa mto wake mwenyewe kabla ya kuamka. Huukuta umelowa tu.