Si Kwenye Simu

Kitasa alikufa Ijumaa asubuhi, akiwa na neno la kumwambia mdogo wake aliloliweka mpaka Jumamosi. Neno lenyewe hakuna mwingine aliyelijua.

Mdogo wake ni fundi wa makochi, na kama kuna mtu aliyepaswa kulikwepa kosa la kuliacha neno lisubiri, ni yeye. Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi alasiri, alikwenda kwa kaka yake kutazama kipindi cha mpelelezi. Walikaa kwenye kochi alilolishona fundi huyo, upande wa Kitasa umebonyea kwa uzito wa mwenyewe. Muuaji hawakuwa na habari naye. Waliyemtazama ni marehemu.

"Haya, huyo anaingia ghalani peke yake."

"Na tochi imekufa!"

"Chora, mdogo wangu, chora!"

Chaki ilikaa juu ya fremu ya mlango, na kila upumbavu wa marehemu ulichorewa mstari nyuma ya mlango huo. Kitasa, aliyekula jasho lake kwa kutengeneza vitasa, alikasirika kweli. "Mtu katumiwa barua ya kumtisha, halafu analala mlango wazi! Sisi mafundi tunamfanyia nani kazi?" Kulikuwa na mjane aliyemfuta mpwa wake kwenye wosia, kisha akanywa chai aliyoletewa na mpwa huyohuyo. Kulikuwa na karani aliyemwambia mwizi, "Najua ulichofanya, na sijamwambia mtu."

Mke wa Kitasa alipita na sinia akiguna. "Mnamcheka maiti? Hamna haya nyinyi."

"Shemeji, huyu kajiua. Mwenzake kamsaidia tu."

Lakini mpumbavu wa wapumbavu alikuwa yule wa simu: "Nimemjua muuaji. Ila si kwenye simu. Njoo kesho." Hapo wote wawili waliruka juu. "Sema sasa hivi, we mjinga!" Huyo, kila alipotokea, alichorewa mistari miwili.

Alhamisi mchana fundi alikuwa anapigilia kitambaa, misumari midogo mdomoni, simu ikalia.

"Mdogo wangu, nina jambo. Ni lile la mama."

Fundi aliweka nyundo chini. Mama yao alipokata roho, Kitasa ndiye pekee aliyekuwa chumbani. Alitoka akasema, "Kakuachia neno. Ipo siku nitakwambia." Ikapita miaka sita. Mmoja hakusema, mwingine aliogopa kuuliza.

"Ila si kwenye simu," Kitasa akaendelea. "Njoo Jumamosi."

Fundi alitema misumari kiganjani, akaangua kicheko. "Marehemu! Umekwisha, kaka. Funga madirisha, na chai ya mtu usinywe."

Kitasa naye akacheka. "Basi nichoree miwili," akasema, akakata.

Kesho yake moyo wa Kitasa ulisimama akiwa ameinama anafunga kamba za viatu.

Baada ya mazishi fundi alimuuliza shemeji yake kama aliambiwa chochote.

"Nilimuuliza mara nyingi, shemeji. Alisema ni lako, wewe ulisikie kwanza."

Jumamosi iliyofuata alikwenda saa ileile. Shemeji akamwashia televisheni bila kuulizwa. Marehemu wa siku hiyo alipanda mashua na mtu aliyemdhulumu, na hakujua kuogelea. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi aliinuka, akachukua chaki, akachora nyuma ya mlango mistari mitatu.

"Yote ya huyo?"

"Miwili ya kaka. Huu mmoja wangu."

Kaka angekufa hata hivyo, kwa hiyo kifo chake hakihesabiwi. Kilichopotea ni neno moja la mama. Lingechukua dakika mbili kusemwa, na kulipata kulihitaji maneno matatu, "Sema sasa hivi," yaleyale aliyoipigia televisheni kelele kwa miaka kumi na tisa.