Bawabu Aliyehesabu Mpaka Wawili na Nusu

Usiku wa jana niliota ninaosha vipuri nyuma ya gereji ya Kaka Elinami, hapa Usa River. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo sikujua kama naota. Kaka alikuwa ameongeza presha ya turbo, ile feni inayosukuma upepo ndani ya injini ya gari lake, akalizungusha kidogo barabarani, na asubuhi angelipeleka kilimani kulikanyaga mpaka mwisho.

Nikafunua boneti. Ndani kulikuwa na ukumbi wa harusi.

Mlangoni amesimama sensa ya presha, kile kifaa cha kupima upepo unaoingia kwenye injini, mdogo kama kiberiti, amevaa tai. Anahesabu wageni. Wageni wote ni upepo uliovaa suti. Turbo, konokono mkubwa, anawasukuma ndani kwa tumbo. Jikoni Shangazi Eliakunda anapika petroli kwenye sufuria la pilau. Inanukia karafuu.

"Wameingia wangapi?" anauliza Shangazi.

"Wawili," anajibu sensa.

Shangazi anatoa sahani mbili.

"Na sasa?"

"Wawili na nusu." Yule nusu anaomba radhi, anapita kwa mguu mmoja.

Konokono anazidi kusukuma. Wageni wanakaliana mapajani, wengine wananing'inia kwenye taa.

"Na sasa?"

"Wawili na nusu."

Waliokosa chakula wakapandwa na joto. Wakala vitambaa vya meza, kisha meza. Kwenye kiti cha bwana harusi alikaa Kaka, anatabasamu, nao wakaanza kula viatu vyake.

"Shangazi, ongeza chakula!" nikasema.

"Mwanangu, mimi napika kwa hesabu ya mlangoni. Macho sina."

Nikamtazama. Kweli hakuwa nayo.

Nikakimbilia mlangoni, lakini mlango ukawa darasa la tano, mimi na sensa tumekaa dawati moja. Konokono ameshika chaki.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo," tukajibu wote wawili.

Nikamnong'oneza sensa, "Mbona unadanganya? Wanamla kaka yangu."

"Sidanganyi. Hesabu yangu inaishia wawili na nusu. Zaidi ya hapo sikufundishwa."

"Ukifika mwisho unafanyaje?"

"Narudia jibu la mwisho, kwa sauti ileile. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimefika mwisho."

"Mimi niliishia darasa hili hili," nikamwambia. "Na mimi sikuulizwa."

Akanyoosha tai yake. "Basi asante kwa kuniuliza. Mwambie kaka yako apunguze wageni, au aweke bawabu aliyesoma kunizidi. Sitanuna. Ila fanya haraka, wamefika kwenye soksi."

Nikaamka. Nje, Kaka alikuwa ameshawasha gari.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, hata mbele ya Kaka. Nilishika mlango wa gari, nikatazama chini.

"Kaka, hiyo sensa ya presha, ikifika mwisho wa hesabu yake inasemaje?"

"Ndeshi! Nangoja chai, wewe unaniletea mtihani?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akazima gari, akafungua kompyuta, akatafuta kumbukumbu ya mzunguko wa jana. Mstari wa presha ulipanda, ukapanda, kisha ukalala kama meza kwenye mbili na nusu, na hapo turbo ilikuwa bado inasukuma.

"Upepo unaingia, petroli haiongezwi," akasema polepole. "Kule kilimani ningeyeyusha pistoni zote. Pengine na mimi mwenyewe ningeungua." Akaniangalia kama mgeni. "Asante, mdogo wangu. Nani kakwambia?"

Akaing'oa sensa, akaniwekea kiganjani, akaenda kupiga simu kutafuta nyingine inayohesabu zaidi.

Nilipobaki peke yangu nikaiinua karibu na mdomo, niishukuru na mimi.

Ilinukia karafuu.