Kopo la Damu ya Mzee

Ferdinand alikiweka kifuniko cha tangi la mafuta mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. Eufrazia alikitazama kifuniko, akamtazama na aliyekileta. Loo! Ferdinand huyu huyu, mwenye gereji ya Chang'ombe, aliyemfukuza kazi mwaka juzi mbele ya wateja kwa maneno matano tu: "Macho ya mama huyu yameisha." Mchanganya rangi ukimwambia hivyo umemzika. Habari ilizagaa Temeke nzima, na tangu siku hiyo kibanda chake cha Tandika kilikuwa kikipata wenye bajaji na mageti tu.

"Shikamoo, mama."

Eufrazia aliendelea kukoroga. Aliiacha ile shikamoo ining'inie mpaka jamaa akajikuna kisogo.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kwako, mama. Gari la Mzee Albano wa Mbweni limebadilishwa mlango. Rangi yake, kama ya kifuniko hiki, ni ile damu ya mzee uliyoichanganya mwenyewe zamani. Mashine imeshindwa kuipata, tumerudia mara tatu. Ijumaa anakuja kulichukua, Jumamosi anampeleka binti yake kanisani kuolewa. Kasema nikikosea tena, magari yote ya kampuni yake anayahamisha."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu alikuwa ameinama mpaka kipaji cha uso kinakaribia sakafu. Eufrazia alisikia utamu ukimpanda kooni. Mungu hamtupi mja wake.

"Nitakuchanganyia," alisema. "Malipo sitaki. Sharti langu moja: siku ya kumkabidhi mzee gari lake, nami niwepo."

"Karibu sana, mama!" Maskini, akafurahi.

Sasa, watu wengi hudhani rangi inakaa koponi. Thubutu! Eufrazia alijua kwamba koponi imo nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye taa na kichwani mwa anayetazama. Kichwa nacho ni kiongo: kaa kutwa chini ya taa ya njano, kitakuapia kwamba karatasi ni nyeupe. Ndiyo maana rangi mbili zinaweza kufanana kama pacha chini ya taa ya gereji, ukizitoa nje zikakanana. Fundi mzuri huuogopa mtego huo. Eufrazia alitaka kuutega.

Alichanganya siku mbili. Damu ya mzee ni wekundu mzito, ule unaopakana na weusi, na kuupata kuna njia nyingi. Yeye aliiacha njia yake ya zamani akatafuta nyingine: nyekundu tofauti, tone la buluu, tena tone. Akapaka kwenye bati, akaliweka kando ya kile kifuniko chini ya taa. Sawasawa. Akatoka nalo nyuma ya kibanda, juani. Bati likageuka tope! Akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Kwa mafundi wa rangi ipo desturi inayoitwa jicho la pili: ukimaliza kuchanganya, unamwita mwenzako atazame naye kabla hujafunga kopo. Mwaka wote hata muuza chipsi wa jirani alikuwa akiitwa. Safari hii Eufrazia hakumwita mtu. Kisasi hakitangazwi. Alifunga kopo, akalikabidhi.

Ijumaa saa nne alifika Chang'ombe amevaa gauni lake la kanisani. Gari lilikuwa ndani, chini ya taa, linang'aa. Mzee Albano, mtu mrefu mwenye fimbo, alikuwa tayari ameshaanza kutabasamu.

"Litoeni nje," alisema Eufrazia. "Rangi haihukumiwi kivulini."

Wakalisukuma. Jua lilipolipiga, mlango wa dereva uligeuka tope, waziwazi, kiraka cha aibu ubavuni mwa gari zuri. Moyo wa Eufrazia ulipiga vigelegele. Akamkodolea macho Ferdinand, maana hakutaka kukosa hata chembe ya sura ile itakapoporomoka.

Mzee Albano alilizunguka gari. Akainama, akapitisha kiganja, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mlango uliobadilishwa ni upi?" aliuliza.

Eufrazia alidhani ni kejeli. "Si huo wa dereva, mzee! Huoni ulivyo?"

"Ulivyo vipi, mama? Mimi naona gari tu."

Eufrazia akamgeukia Jabiri, mpuliza rangi, mtu asiyejua kusema uongo. Jabiri alikuwa akitikisa kichwa kwa mshangao. "Mama Eufrazia, mie nimeupuliza mwenyewe na bado nautafuta. Hii kazi ni balaa!"

Akautazama tena. Akafumba macho, akayafumbua. Tope. Watu tisa walisimama pale wakiona damu ya mzee kutoka taa za mbele hadi za nyuma, na tope alikuwa akiliona yeye peke yake. Akashika boneti, likamchoma kiganja, asiliachie.

Ferdinand alimkaribia. Machozi yalimlengalenga, si ya kuigiza.

"Mama, nilikutukana mbele za watu, acha niseme mbele za watu. Nilisema macho yako yameisha. Nilisema uongo. Nilitaka nafasi yako nimpe shemeji yangu. Nisamehe. Jumatatu rudi kazini, meza yako ni ileile."

Watu wakapiga makofi. Maneno hayo Eufrazia alikuwa ameyaota usiku na mchana tangu mwaka juzi. Alikuwa hata amejiandalia matusi ya kuyajibu.

"Nimekusikia, baba," alisema.

Alipofika nyumbani, binti yake Jenipher alikuwa uani anaanika nguo. Eufrazia aliketi kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Jenipher, njoo usimame hapa juani. Hiyo blauzi ni rangi gani?"

"Mama nawe! Si umeninunulia mwenyewe Krismasi?"

"Najua," alisema Eufrazia. "Niambie tu."