Sauti Nne kwenye Kioo Kimoja

Elsie Wakhisi alikuwa na programu moja tu ya simu aliyoitengeneza mwenyewe, na aliipenda kama kifungua mimba. Ilikuwa ya wanakwaya: unachagua wimbo, unagusa sauti yako, iwe soprano, alto, teno au besi, na maneno yake pamoja na noti yanakujia. Kwaya kadhaa za Kisumu ziliitumia, na Elsie alitembea mjini kifua mbele.

Jumatatu moja akapigiwa simu na Mama Seline, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja karibu na Dunga. Binti yake alikuwa amemnunulia kishikwambi, maana macho yalikuwa yamezichoka herufi za simu.

"Nyathina, mwanangu, njoo uone kitu chako," alisema. "Sisi tumecheka mpaka mazoezi yakavunjika."

Elsie akaenda. Mama Seline alikisimamisha kishikwambi kwa ubavu mbele ya kwaya, akagusa wimbo. Programu ikatanuka ovyo. Kitufe kilikuwa kikubwa kama mfuniko wa sufuria, na kioo kizima kikajaa neno moja tu la wimbo: TWENDE.

"Twende wapi?" akauliza Mzee Mathews Opiyo, mkongwe wa besi. "Tangu jana tunaambiwa twende."

Mama Seline akakigeuza kishikwambi wima. Wimbo ukarudi mwanzo.

"Jana tuliimba ubeti wa kwanza mara tano," alisema. "Nadhani Mungu alishaelewa."

Elsie alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini kicheko kilimwahi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakiri kwamba hajawahi kushika kishikwambi maishani; aliuchukua tu ukurasa wa simu akauvuta.

"Nilidhani ni simu iliyoshiba," alisema.

"Jumamosi tunaimba kwenye harusi, Ahero."

"Niachieni mpaka Ijumaa, Mama."

Akaondoka na kishikwambi hadi chumba chake cha kazi, juu ya duka la vyuma la Manubhai. Siku mbili alihangaika kupunguza hiki na kusogeza kile, mpaka akajiuliza swali lililompa raha: nafasi yote hii ni ya nini? Kwenye simu kila mtu aliona mstari wake peke yake kwa sababu nafasi ya mingine haikuwepo. Hapa ilikuwepo. Akazipanga sauti zote nne, moja chini ya nyingine.

Jumatano alikigeuza kishikwambi katikati ya ubeti wa tatu, na ubeti wa tatu ukabaki palepale. Elsie akaruka, akacheza, akapiga sakafu kwa visigino mpaka Manubhai akapanda ngazi akihema.

"Kuna nini huku juu?"

"Baba, geuza hiki."

Manubhai akageuza. Akageuza tena. Aligeuza mara saba, kisha akaomba akamwonyeshe mkewe.

Ijumaa kwaya nzima ilikizunguka kishikwambi. Wote walifurahi isipokuwa Mzee Mathews, aliyekaza macho na kufuatisha mstari kwa kidole.

"Hii besi siyo ninayoimba mimi," alisema.

"Basi imba yako," alisema Mama Seline.

Akaimba. Mama Seline akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama.

"Mathews, hiyo ni teno. Umeishusha tu chini."

"Miaka yote kumi na miwili niliyoimba hapa?"

"Kumi na miwili."

Mzee akaeleza kwamba herufi za vitabu, na baadaye za simu, zilimshinda, akawa anamfuata jirani yake kwa sikio, na jirani alikuwa wa teno. Mama Seline akakaa kwenye benchi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote aliusikia wimbo ule ukiwa na shimo, akafikiri ni paa la kanisa linalomeza sauti.

Wakaimba upya, Mathews akisoma neno kwa neno. Sauti ikashuka mpaka sakafuni, ikawapandia miguuni. Walipomaliza hawakutaka kuacha. Wakarudia mara nne.

Siku ya pili, kule Ahero, waimbaji wawili wa alto walikwama njiani. Mama Seline akamshika Elsie mkono, akamvuta mstarini.

"Mama, mimi siwezi kuimba."

"Si unaona maneno? Soma."

Akasoma, nusu noti nje, kwa sauti kubwa. Bibi harusi akavua viatu, akaingia uwanjani na mama mkwe wake, na hema zima likasimama kucheza.